Fungu la Aliyebaki na Mizigo

Somo la wiki: 1 Samweli 30:1–25, Luka 3:10–14



Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo na mliliona. Ilikuwa Jumapili ile kabla ya Sikukuu ya Mashujaa. Tulikuwa tumepanga kuwaheshimu wanajeshi wastaafu walio washirika wetu. Mchungaji mkuu alinipa hiyo kazi, nami nikaifanya vile nilivyozoea: karatasi, orodha, dakika ngapi, zawadi ngapi. Zawadi zilikuwa sita. Nikaona nikiita "wanajeshi wastaafu" tu, watasimama wengi kuliko zawadi, maana hapa Ukambani karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuvaa magwanda, tangu enzi za KAR. Basi nikashika maiki nikasema, "Wale waliopigana vita kwa ajili ya nchi hii, wasimame."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma, karibu na mlango, akaanza kuinuka. Alishika kiti kilicho mbele yake, akafika nusu. Halafu akasimamisha mwendo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Akaketi tena, polepole, akaangalia chini. Vijana wanne waliowahi kwenda Somalia wakaja mbele, tukawapigia makofi, tukaomba, tukaendelea na sadaka. Hesabu zangu zilitoshea kabisa, na zawadi mbili zikabaki.

Mzee hakuonekana Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Jumanne nikapanda matatu hadi upande wa Katani kumtembelea. Alinikaribisha vizuri, akamwambia mama alete chai. Nikamwomba msamaha. Akanijibu hivi:

"Pasta, hukukosea. Ulisema waliopigana. Mimi sikupigana. Ningesimama ningekuwa nimedanganya mbele ya madhabahu."

Aliingia jeshini mwaka 1984, akatoka 2007. Miaka 23. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa stoo: blanketi, buti, mahema, sufuria. Nilimuuliza kama hakuwahi kutumwa hata zile safari za kulinda amani nje. Akasema jina lake halikuwahi kutoka. Kisha akacheka kidogo: "Vita yangu ilikuwa na panya, Pasta. Na hiyo sikushinda."

Nilicheka pia, lakini niliporudi nyumbani usingizi ulikataa. Swali lilikuwa hili: mtu aliyetumikia jeshi wakati wa amani, akatoka bila kusikia risasi ya adui, je, huyo ni veterani wa kweli? Ama ni mfanyakazi tu kama wengine, aliyekuwa na sare?

Msidhani ni swali la wanajeshi peke yao. Kanisani hapa kuna watu wengi wa safu ya nyuma.

Kabla sijajibu, nikamtafuta mmoja wa wale vijana wanne. Nilitaka kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili. Yeye alipelekwa Somalia baada ya Operesheni Linda Nchi iliyoanza Oktoba 2011, na ana marafiki waliobaki kule El Adde tarehe 15 Januari 2016. Nilimweleza habari za mzee. Alinyamaza, kisha akasema, "Pasta, mimi simdharau mzee. Mzee ni mwanajeshi. Lakini kuna mahali nilifika ambapo yeye hakufika. Mkituweka sote kwa mstari mmoja mseme ni kitu kimoja, wale wenzangu mtakuwa mmewasahau."

Hayo maneno ni mazito na sitayapita haraka. Mtu aliyembeba mwenzake akiwa maiti ana haki ya kusema hivyo. Jibu lolote tutakalotoa lazima liweze kusomwa mbele ya huyu kijana na mbele ya mzee siku moja, chumba kimoja, bila mmoja wao kuona aibu.

Sasa twende kwa Neno. Daudi na watu wake 600 walirudi Siklagi wakakuta mji umechomwa na Waamaleki, wake na watoto wametekwa. Wakaanza kuwafuata. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, hawakuweza kuvuka. Wakabaki pale na mizigo. Wale 400 wakaendelea, wakapigana, wakarudisha kila kitu. Wakati wa kugawana nyara, baadhi ya waliopigana wakasema hao waliobaki wachukue wake zao na watoto wao waende zao, mali wasipate. Daudi akakataa. Akaweka amri kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo liwe sawa. Biblia inasema jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Angalieni sababu ya Daudi. Hakusema wale 200 nao walipigana kwa namna yao, wala hakuwatungia hadithi. Alisema mali ile ni kitu Bwana alichotupa. Ushindi ulikuwa zawadi, na zawadi haina mtu wa kujivunia kwamba ameitengeneza. Kwa hiyo fungu likawa moja, ingawa hadithi zilikuwa mbili.

Hata Nairobi pale Kenyatta Avenue kuna ushuhuda wa jambo hili. Sanamu ya Askari, iliyowekwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Alibeba mizigo. Wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu. Jina lao ndilo lililobaki pale Kariakor sokoni, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema hawakutumikia kwa sababu hawakupiga risasi. Basi tuondoe hilo kwanza: kupiga risasi si kipimo.

Lakini mtu anaweza kuniambia, "Pasta, hao wa Besori na hao wapagazi walikuwa ndani ya vita. Mzee wako alikuwa stoo, nchi imetulia. Hata hatari hakuwa nayo."

Ni kweli, na hapa ndipo nilipokwama siku kadhaa. Kilichonitoa ni kitu ninachokiona karibu kila mwezi hapa kanisani, yaani harusi. Bwana na bibi harusi wanasimama pale mbele wanaapa kushikamana katika afya na katika ugonjwa, katika wingi na katika upungufu. Tuseme Mungu anawapa miaka 40 ya afya njema. Hakuna aliyelazwa, hakuna aliyefilisika. Je, tutasema ndoa yao haikuwa ya kweli kwa sababu sehemu ngumu ya kiapo haikuitwa? Kiapo kilikuwa kizima tangu siku ya kwanza. Walijitoa wote. Kama ugonjwa haukuja, hiyo ni neema ya Mungu, na haipunguzi kitu walichokitoa.

Mwanajeshi naye anaapa. Siku ile 1984 kijana yule aliposema "ndiyo", hakuulizwa kama anataka stoo au anataka mstari wa mbele. Aliiachia nchi mwili wake, itumie itakavyo, popote atakapotumwa. Wewe na mimi hatujawahi kusaini barua ya kazi ya namna hiyo. Kwa miaka 23 ile barua ilikuwa inaweza kuletwa mezani asubuhi yoyote. Kwamba haikuletwa, hakuamua yeye. Kijana wetu wa Somalia naye hakuchagua kuwa jeshini mwaka ule wa Linda Nchi. Tofauti ya hawa wawili, ukiitazama vizuri, ni tarehe za kuzaliwa.

Nilisomea biashara chuo kikuu, kwa hiyo mnivumilie na mfano wa bima. Mwenye lori hapa Mlolongo analipa bima Januari. Mwaka unaisha, lori halijapata ajali. Akija kwa kampuni aseme "nirudishieni pesa zangu, hamkufanya chochote," watamwambia walifanya: mwaka mzima walibeba hatari yake. Kulindwa hakutoi risiti. Unaona tu siku kinga ilipokosekana. Nami kwa upumbavu wangu nilitaka kuwaheshimu tu wale wenye risiti.

Sitaki kutia chumvi hapa. Siwezi kuthibitisha kwamba amani ya Kenya ya miaka ile ililetwa na stoo ya mzee. Kuanzia 1984 hadi 2007 majirani zetu walipitia moto: Uganda, Sudan, Somalia baada ya 1991, Rwanda 1994. Sisi hatukuingia katika vita kamili na nchi nyingine. Kwa nini? Wengine watasema ni diplomasia, wengine jeshi lililo tayari, sisi tutasema pia ni maombi. Zaburi ya 127 inatukumbusha kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi akesha bure. Amina. Lakini jameni, Zaburi hiyo haikumfuta kazi mlinzi. Mlinzi anakesha, Bwana analinda, na asubuhi hakuna anayeweza kugawanya sifa kwa kalkuleta.

Kuna jambo lingine tunalolisahau. Tunadhani amani haimjaribu askari. Inamjaribu sana. Tarehe 1 Agosti 1982 nchi hii haikuwa vitani na mtu yeyote, lakini baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, na watu wengi wakafa katika jiji la Nairobi. Februari 1984, mwaka uleule mzee alipojiunga, raia waliuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, mikononi mwa vikosi vya usalama. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa na adui wa nje. Kwa hiyo mtu aliye na silaha wakati wa amani ana nafasi kubwa ya kudhuru, na anayeshika kiapo chake wakati huo amefanya kazi ambayo hatuioni kwa sababu hakuna kilichovunjika.

Ndiyo maana napenda sana Luka sura ya tatu. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza, na sisi tufanye nini? Yohana hakuwauliza wamepigana vita gani. Hakuwauliza majeraha yako wapi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasisingizie watu, watosheke na mshahara wao. Hayo yote ni mambo ya siku za kawaida. Ni mambo ya kizuizi cha barabarani, ya stoo, ya mwisho wa mwezi. Kama kungekuwa na mtihani wa mbinguni wa kumtambua askari wa kweli, swali la kwanza lingekuwa hilo, na linafaa wa vitani na wa kambini sawasawa.

Nikamuuliza mzee kuhusu hilo nilipomtembelea mara ya pili. Miaka 23 stoo, blanketi mpya zinapita mikononi mwako kila wiki, watoto wanasoma, mshahara mdogo. Je, hakuna siku hata moja? Hakunijibu mara moja. Alisema, "Siku zilikuwa nyingi. Blanketi hazikutoka." Wapendwa, mimi nimewahi kushika pesa za kanisa. Najua hayo maneno yana uzito gani.

Basi nasema hivi, na ndilo jibu langu. Veterani ni mtu aliyekula kiapo, akakishika kwa uaminifu mpaka alipoachiliwa kwa heshima. Vita vinaongeza kitu juu ya hapo, wala havianzishi. Hata neno lenyewe, ukilifuata hadi kwa Warumi, lina mzizi wa uzee: ni askari wa siku nyingi. Nchi yetu nayo mwaka 2022 ilipata sheria ya maveterani wa jeshi, na ni vizuri, maana heshima bila mpango wa matibabu na maslahi ni makofi tu.

Kumbukeni pia Jenerali Francis Ogolla. Aliingia jeshini Aprili 1984, mwaka mmoja na mzee wetu. Tarehe 18 Aprili 2024, akiwa Mkuu wa Majeshi, baada ya karibu miaka 40 ya utumishi, helikopta yake ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Alikuwa ameenda kuwaona wanajeshi na kukagua shule zilizokuwa zikikarabatiwa baada ya kuharibiwa na majangili. Watu kumi walikufa. Hakuna aliyeuliza kama siku ile ilikuwa ya vita au ya amani kabla ya kuwalilia. Walikuwa kazini, na kiapo kilikuwa bado kinafanya kazi.

Sasa namrudia kijana wetu, maana nilimwahidi. Fungu moja halimaanishi hadithi moja. Katika Israeli wale 200 walipata nyara sawa, lakini hatusomi kwamba walirudi nyumbani wakiimba jinsi walivyowapiga Waamaleki. Aliyebaki na mizigo asitembee na makovu ya kuazima. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana aliketi. Na tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, tunapowakumbuka walioanguka, hiyo ni siku ya walioanguka. Tusiichanganye na kitu kingine ili kila mtu ajisikie vizuri. Kuna huzuni ambayo ni ya wenyewe, na heshima yetu ni kukaa kimya karibu nao.

Lakini aliyevuka kijito naye asimwambie aliyebaki achukue mke wake aende. Buti alizovaa alipewa na mtu. Hema alilolalia lilihesabiwa na mtu, likakaushwa, likafukuziwa panya. Biblia inawaita wale waliokataa kugawana watu wabaya, na walikuwa wametoka kushinda vita. Ushindi haukuwakinga na choyo.

Wenyeji husema mji wetu ulipata jina kutokana na foleni ya malori yakingoja mizani. Mlolongo. Nimepita pale mara nyingi usiku, naona dereva amelaza kichwa kwa usukani, injini imezimwa. Hakuna anayesema huyo hayuko safarini. Ameshapakia, ameshaaga nyumbani, mzigo uko mgongoni. Anangoja tu kuitwa. Wako washirika wetu wanaongoja hivyo: mama anayeomba kila alfajiri na hajawahi kupewa maiki, kijana anayepanga viti, soja wa usiku wa estate ambaye hajawahi kukamata mwizi kwa sababu mwizi anajua yuko macho. Usiwapime kwa risiti.

Jumapili hii tutarudia ile ibada, na safari hii nimerekebisha karatasi yangu. Kwanza tutasimama kimya kwa ajili ya walioanguka, na wale vijana wanne ndio watakaotuongoza, kwa maneno yao au bila maneno. Baada ya hapo nitaita kila aliyekula kiapo na kukishika. Zawadi hazitatosha, nimeshahesabu. Nimemwambia mchungaji mkuu, naye amesema tutawapa mikono.

Mzee amesema atakuja. Hakusema kama atasimama, nami sikumuuliza. Hiyo ni juu yake na Mungu wake. Lakini nikisema maneno yale kwa maiki, nitayasema nikiangalia safu ya nyuma, karibu na mlango.

Tuombe: Bwana, tusamehe pale tulipogawa heshima kama mali yetu, na ilikuwa yako. Wafariji waliopoteza wapenzi wao vitani. Wakumbuke waliolinda na hakuna aliyewaona. Na sisi tuliobaki na mizigo, utukute waaminifu. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: Ni nani katika kikundi chenu anayefanya kazi isiyoonekana mpaka siku ikosekane? Mmewahi kumwambia asante? Na je, kuna hadithi ya mtu mwingine ambayo umekuwa ukiitembea nayo kana kwamba ni yako?